Kifungua Kinywa na Mtu Anayejua

Mwaka 1963 waandishi wawili wa habari mjini Washington walianzisha safu ya pamoja, wakajiwekea sharti moja: kila safu iwe na angalau jambo moja ambalo msomaji hajapata kulisoma popote. Jambo hilo laweza kuwa kubwa la kutikisa serikali, laweza kuwa dogo kama kauli ya seneta aliyoitoa mlango ukiwa umefungwa. Mradi liwepo.

Anayesoma kurasa za siasa, za kwetu au za kwao, anajua sharti hilo ni gumu kiasi gani. Ukurasa wa maoni ndio unaojazwa kwa urahisi kuliko kurasa zote za gazeti. Mwandishi ameamka, amesoma habari walizohangaikia wenzake usiku kucha, kisha anatueleza zilivyomuudhi au zilivyomfurahisha. Wapo wanaoifanya kazi hiyo vizuri mno, na mimi ni msomaji wao. Lakini Robert Novak, mdogo kwa umri kati ya wale wawili, hakuwa mwandishi wa namna hiyo. Tangu 1963 mpaka ugonjwa ulipomkalisha mwaka 2008, maoni yake makali yalikuja yakiwa yamefungwa ndani ya habari aliyoitafuta kwa miguu yake.

Niseme mapema kwamba siasa zake nyingi sikubaliani nazo. Alikuwa mhafidhina wa Kimarekani hasa: kodi zishushwe, serikali ipunguzwe, utoaji mimba ukomeshwe, wakomunisti wasipewe nafasi ya kupumua. Hakuanzia huko, maana mwaka 1960 alimpigia kura Kennedy. Uhafidhina ulimwingia taratibu, na katika miaka ya 1970 ulikolea pale alipovutwa na mbunge Jack Kemp na wachumi waliodai kwamba kodi ikipunguzwa uchumi utachangamka wenyewe. Wakati huohuo alibaki ameandikishwa kama Democrat, kwa sababu katika jiji la Washington kura zenye maana hupigwa kwenye mchujo wa chama hicho. Mtu wa hesabu. Lakini ninachotaka kukitazama hapa ni namna alivyoishika kazi yake, na hilo naona linastahili kutazamwa hata na asiyempenda. Pengine huyo zaidi.

Alizaliwa mwaka 1931 Joliet, mji wa viwanda katika jimbo la Illinois, si mbali na Chicago. Baba yake alikuwa mhandisi katika kampuni ya gesi. Kijana alianza kuandika habari za michezo kwa gazeti la mji wao kabla hajamaliza sekondari, na Chuo Kikuu cha Illinois alikiacha mwaka 1952 akipungukiwa kidogo tu kupata shahada. Alikabidhiwa mwaka 1993, akiwa tayari mtu wa televisheni anayejulikana nchi nzima. Baada ya utumishi wa jeshi aliingia shirika la habari la Associated Press, likampeleka Omaha, kisha Lincoln, kisha Indianapolis. Huko ndiko alikofundwa. Ripota wa shirika la habari anayekaa kwenye bunge la jimbo hatakiwi kuwa na maoni. Anatakiwa ajue muswada uko kamati gani, nani ameukalia, kura ziko ngapi, majina yote yameandikwaje, halafu aiwahi simu kabla ya mwenzake wa shirika pinzani. Mwaka 1957 AP ilimhamishia Washington, na mwaka uliofuata akachukuliwa na Wall Street Journal kuripoti habari za Seneti.

Mwenzake, Rowland Evans, alikuwa wa tabaka jingine kabisa. Mtoto wa familia yenye uwezo kutoka Pennsylvania, aliacha masomo Yale kwenda kujiunga na jeshi la Marines Marekani ilipoingia katika Vita vya Pili vya Dunia, na baada ya vita akawa ripota mwenye marafiki wakubwa, akina Kennedy wakiwamo. Gazeti la New York Herald Tribune lilipompa nafasi ya safu ya karibu kila siku, akaona peke yake hataiweza, akamtafuta Novak. Evans alikuwa maridadi, mwenyeji wa karamu za Georgetown, anayeweza kukaa na balozi mpaka usiku wa manane akatoka na habari bila balozi kujua ameitoa saa ngapi. Novak alivaa suti zenye kizibao, akakunja uso kana kwamba kila asubuhi ameamkia habari ya msiba. Mwandishi mmoja wa Newsweek, John Lindsay, alimpachika jina la Mwanamfalme wa Giza kwa vile alivyouona mwisho wa ustaarabu uko karibu. Novak hakukasirika. Mwaka 2007 alilifanya kuwa jina la kitabu chake cha kumbukumbu.

Waliokuwa hawaipendi safu hiyo waliyapotoa majina ya Evans na Novak kwa utani yakawa na maana ya watu wasio na ukweli wowote. Waandishi hao walikosea mara kadhaa, ni kweli. Mtu anayeahidi jambo jipya kila anapotokea gazetini atakosea kuliko yule anayesubiri wenzake watangulie.

Sasa tuingie jikoni kwenyewe. Kazi ya Novak ilifanyikia mezani, na ninasema meza ya chakula. Alikuwa na kifungua kinywa na mtu, mlo wa mchana na mtu mwingine, na katikati simu. Ofisi yake ilikuwa Pennsylvania Avenue, hatua chache kutoka White House, lakini habari haikupatikana ofisini. Ukipitia kumbukumbu zake unashangaa jinsi wageni wa meza hizo wasivyokuwa vigogo wakati wote. Wapo wasaidizi wa wabunge, wenyeviti wa vyama wa majimbo, wapanga mikakati wa kampeni, naibu wa naibu waziri. Mtu wa kawaida hawajui kwa jina. Novak aliwajua, akajua pia nani amegombana na nani, nani amenyimwa cheo, nani ana bosi asiyemsikiliza.

Waziri ukimuuliza anakupa msimamo wa serikali, na msimamo wa serikali utaupata hata kwenye taarifa kwa vyombo vya habari. Msaidizi wake ndiye aliyeandika rasimu ya kwanza, akaona ilivyochanwa, akasikia nani alipandisha sauti kikaoni. Huyo ana kitu. Ila hakitoi kwa mgeni, na hakitoi kwa mtu aliyekuja na daftari mkononi. Kwa hiyo ripota hula naye leo bila kuomba lolote la maana, anamrudia mwezi ujao, anamwambia kidogo alichokisikia kwingine, kwa sababu katika soko hilo habari hununuliwa kwa habari. Anakuwa mtu ambaye ukila naye unatoka ukijua zaidi ya ulivyoingia. Siku moja yule msaidizi, akiwa na kinyongo au akiwa na haki upande wake (mara nyingi ana vyote viwili), anapiga simu mwenyewe.

Hilo linachukua miaka. Wahariri wengi wa leo, wanaotaka kitu cha kuweka mtandaoni ndani ya saa moja, wasingemvumilia mtu anayekula mayai na karani wa kamati ya fedha mara kumi na mbili kabla ya kupata sentensi moja. Na chakula cha Washington hakikuwa cha bei ya mama lishe.

Kisha kuna uandishi. Safu yake ilikuwa na maneno mia saba hivi. Mara nyingi ilianzia ndani ya chumba: kikao fulani, siku fulani, mtu fulani amesema jambo ambalo hakutarajia litoke. Novak hakuanza na hoja yake. Alikupa kauli, akakupa aliyeambiwa, akakueleza kwa nini kauli hiyo ni ya hatari kwa aliyeitoa, na hapo, kwenye aya ya nne au ya tano, ndipo msimamo wa mwandishi ulipoingia, wakati msomaji ameshakaa. Lugha yenyewe haikuwa na mapambo. Mwanamume huyu hakuwa na masikio ya mshairi, na hakujisingizia. Ukitaka nathari ya kuonja ulimini katika kambi ya wahafidhina wa zama zake, ungemsoma William F. Buckley. Kwa Novak ulikwenda kutafuta kilichotokea.

Mfano ninaoupenda ni wa Aprili 1972. Chama cha Democratic kilikuwa kikitafuta mgombea wa kumkabili Nixon, na seneta George McGovern wa South Dakota, mpinzani wa vita vya Vietnam, alikuwa akipanda juu. Novak alizungumza na wanasiasa wa Democratic kwa simu, na mmoja, seneta wa mrengo wa kiliberali, akamwambia kwa sharti la kutotajwa jina kwamba wananchi bado hawajajua McGovern anaunga mkono msamaha kwa waliokwepa vita, utoaji mimba na kuruhusiwa kwa bangi. Wakatoliki wa kawaida wakishalijua hilo, amekwisha. Safu ikatoka Aprili 27. Maneno yale yakageuzwa kuwa wimbo wa kumpiga nao McGovern mwaka mzima, na Novemba akashindwa katika majimbo yote isipokuwa Massachusetts, pamoja na jiji la Washington.

Watu wa McGovern walikuwa na hakika kwamba huyo seneta hayupo. Novak amemtunga, walisema, ameweka maneno ya Republican kinywani mwa Democrat asiyekuwapo. Kwa ripota hakuna tusi kubwa kuliko hilo, na Novak alikuwa na dawa yake mfukoni: jina. Angelitaja siku hiyo hiyo angesafishika. Alimwendea mwenye maneno, akamwomba amruhusu amtaje. Akakataliwa, kwa sababu mtu huyo alikuwa na uchaguzi mbele yake na hakutaka ugomvi na watu wa McGovern. Novak akanyamaza.

Alinyamaza miaka thelathini na mitano. Machi 2007 alifariki Thomas Eagleton, aliyekuwa seneta wa Missouri, na Julai mwaka huo Novak akasema hadharani: alikuwa yeye. Anayeikumbuka historia ya uchaguzi ule ataona utamu wake. Eagleton ndiye McGovern alimchagua kuwa mgombea mwenza mwezi Julai 1972, akamwondoa siku kumi na nane baadaye ilipojulikana kwamba aliwahi kulazwa na kutibiwa kwa mshtuko wa umeme kwa sababu ya ugonjwa wa akili. Fikiri Novak yuko wapi wakati huo. Nchi nzima inamjadili Eagleton. Kila gazeti linachimba maisha yake. Na mtu mmoja anajua kwamba huyu aliyechaguliwa kumpigia debe McGovern ndiye aliyemtabiria kifo miezi mitatu kabla. Hiyo ndiyo ingekuwa habari ya mwaka. Mtu aliyejiwekea sharti la kuleta jipya kila mara aliishika habari mpya kuliko zote, akaiacha.

Wapo waliosema kwamba hata kifo hakimwondolei mwandishi ahadi yake, na familia ya marehemu ilikuwa na haki ya kuudhika. Mimi naona alisubiri vya kutosha, ingawa ningependa kujua Eagleton mwenyewe angesemaje.

Novemba 1978 alikuwa Beijing. Ukuta wa Xidan, uliokuja kuitwa Ukuta wa Demokrasia, ulikuwa umejaa mabango yaliyoandikwa kwa mkono, watu wakiyasoma kwa tochi na wakibishana mpaka usiku, jambo ambalo China haikuwa imeliona kwa muda mrefu. Novak alikuwa amepata alichokitafuta: mahojiano na Deng Xiaoping. Mwandishi wa gazeti la Globe and Mail la Canada, John Fraser, alikuwa ukutani, na watu walipojua kwamba kesho yake kuna Mmarekani atakayeonana na Deng, wakampa maswali. Umati wa Wachina, usiku, ukimtuma mhafidhina wa Illinois akamuulize kiongozi wao kuhusu ukuta wao. Kesho yake Novak akauliza. Jioni Fraser akarudi na majibu, maelfu wakiwa wanamsubiri, sentensi zikipokelewa mbele na kupitishwa nyuma kwa wasiosikia: Deng amesema ukuta ni jambo jema. Wakashangilia. Aliposogea kwenye sehemu ya pili, kwamba si kila kilichoandikwa pale Deng anakikubali, shangwe ikapungua.

Walikuwa wamesikia vizuri. Machi 1979 Wei Jingsheng, fundi umeme aliyeandika bango kali kuliko yote, alikamatwa, na kabla ya mwaka kwisha mabango ya Xidan yalipigwa marufuku. Novak, ambaye maisha yake yote ya utu uzima aliuchukia ukomunisti tangu alipokisoma kitabu cha Whittaker Chambers, mkomunisti aliyeasi, akiwa luteni jeshini, alikaa mbele ya mkomunisti mkuu akamsikiliza. Hakwenda kumsuta. Alikwenda na maswali, mengine si yake, akaandika alichojibiwa. Wengi wenye itikadi iliyonyooka kama yake wasingeweza.

Lakini soko la habari kwa habari lina harufu yake, na si haki kumsifu fundi tukaficha moshi wa karakana. Mjini Washington ilisemwa kwamba kwa Novak mtu alikuwa ama chanzo cha habari ama shabaha. Yeye mwenyewe hakulikana sana. Akimwandika H. R. Haldeman, mkuu wa watumishi wa Nixon, anakiri kwamba bwana yule alijifanya shabaha kubwa zaidi kwa kukataa kuwa chanzo. Sentensi ya ukweli, na ya kutisha. Maana yake ni kwamba msomaji wa Joliet aliyenunua gazeti kwa senti zake alikuwa akisoma, pamoja na habari, kumbukumbu ya nani alikubali kunywa kahawa na mwandishi na nani alikataa. Waliompa habari walitendewa kwa upole. Si lazima adanganye kwa ajili yao, inatosha asiwachimbe.

Na kuna Robert Hanssen. Ofisa huyu wa FBI alikamatwa Februari 2001 kwa kuwauzia Warusi siri za nchi yake kwa miaka mingi. Miezi michache baadaye Novak aliandika kwamba Hanssen aliwahi kumpa habari, kuhusu uchunguzi wa fedha za kampeni chini ya mwanasheria mkuu Janet Reno. Alimtaja akiwa hai. Kwa Eagleton aliyekuwa mwanasiasa tu alisubiri kaburi. Kwa msaliti hakusubiri. Unaweza kuona tofauti, unaweza hata kuiafiki, lakini ukishakubali kwamba ahadi ina mlango wa dharura, kila mwandishi atajipimia upana wa mlango huo mwenyewe.

Tukio lililomfunika uzeeni lilianzia Afrika. Februari 2002 balozi mstaafu Joseph Wilson alitumwa na CIA kwenda Niger kuchunguza kama Iraq ilijaribu kununua urani huko. Wilson alikuwa mzoefu wa bara letu. Katika utumishi wake aliwahi kupangiwa Niamey, akawa naibu wa balozi Bujumbura, kisha balozi Gabon. Aliporudi alisema hakuona ushahidi. Januari 2003 Rais George W. Bush alilitamka dai la urani ya Afrika mbele ya Bunge hata hivyo, na Machi vita vikaanza. Julai 6, 2003, Wilson akaandika katika New York Times kwamba serikali ilipindisha taarifa.

Novak alijiuliza swali la ripota: kwa nini yeye? Mtu asiye mtaalamu wa silaha za nyuklia, aliyefanya kazi katika Ikulu ya Clinton, alitumwaje na serikali ya Bush? Swali zuri. Siku mbili baadaye alikuwa na miadi na Richard Armitage, naibu waziri wa mambo ya nje, mtu ambaye kwa muda mrefu alikuwa hamtaki. Hakuandika chochote wakati wa mazungumzo wala hakurekodi. Alipouliza kuhusu Wilson, Armitage akamwambia kwamba mke wa Wilson anafanya kazi CIA na ndiye aliyependekeza mumewe atumwe. Novak akaenda kwa Karl Rove, mshauri wa Bush, ambaye alimjibu kwa namna ya kuonyesha kwamba na yeye ameshalisikia. Akampigia msemaji wa CIA, Bill Harlow, ambaye alimwomba asiliweke jina la mama yule gazetini. Jina lenyewe Novak alilipata kwenye kitabu cha wasifu wa watu mashuhuri wa Marekani, Who's Who, chini ya Wilson: Valerie Plame.

Tazama jinsi kazi ilivyofanywa kwa utaratibu. Swali la msingi, chanzo cha juu, uthibitisho wa pili, simu kwa taasisi inayohusika, nyaraka ya wazi. Mwalimu wa uandishi wa habari angeweza kuiandika ubaoni. Julai 14 safu ikatoka, na katikati yake, si hata mwanzoni, jina la Plame na kwamba ni mtu wa CIA anayeshughulikia silaha za maangamizi. Alikuwa ofisa wa siri. Kazi yake ikaharibika.

Yaliyofuata ni marefu, nayapita haraka. Mwendesha mashtaka maalumu, Patrick Fitzgerald, aliteuliwa. Judith Miller wa New York Times alikaa gerezani siku 85 mwaka 2005 kwa kukataa kumtaja aliyezungumza naye. Lewis Libby, mkuu wa watumishi wa makamu wa rais Dick Cheney, akatiwa hatiani Machi 2007 kwa kuudanganya uchunguzi. Hakuna aliyeshtakiwa kwa kuvujisha jina lenyewe. Novak alitoa ushahidi kimyakimya, kwa hoja kwamba wachunguzi walikuwa wameshawajua waliomwambia, na mwaka 2006 Armitage akajitokeza. Wengi walikuwa wameamini kwamba safu ile iliagizwa na wapenda vita wa Ikulu kumwadhibu Wilson. Kumbe aliyelitoa jambo hilo kwanza hakuwa katika kundi hilo, na mwandishi mwenyewe aliipinga vita ya Iraq, kiasi kwamba mwaka 2003 jarida la wahafidhina wenzake, National Review, lilichapisha makala ya David Frum iliyomhesabu miongoni mwa wahafidhina wasio na uzalendo.

Novak alijitetea kwamba ombi la Harlow halikuwa na uzito. Angepigiwa simu na mkurugenzi wa CIA akaambiwa kuna maisha hatarini, asingelichapisha. Namwamini. Na bado naona hapo ndipo ustadi wake ulipomtosa. Alikuwa na swali moja alilolinoa kwa miaka arobaini: je, hili ni jipya na ni kweli? Lilikuwa jipya. Lilikuwa kweli. Swali la pili, kwamba nani atalipia na msomaji atapata nini, halikuwa na pahali katika sharti la 1963, kwa sababu kwa kawaida aliyelipia alikuwa seneta aliyeropoka, na seneta hana wa kumlilia. Safari hii alilipia mtu ambaye hakuwa amesema neno. Hoja ya safu ingesimama vilevile bila jina. Ungeondoa maneno mawili tu.

Televisheni siigusi sana. Alikuwa CNN tangu ilipoanza mwaka 1980, akibishana kwenye Crossfire na kwenye kipindi cha Capital Gang, na mwaka 2005 akaondoka baada ya kutamka neno chafu hewani na kuinuka akaenda zake. Fedha nyingi na sura maarufu alivipata huko. Lakini pale alikuwa mwigizaji wa Novak, na mwigizaji huyo hakuwa na haja ya kula kifungua kinywa na mtu.

Julai 2008, akiendesha gari lake jeusi aina ya Corvette katikati ya Washington, alimgonga mzee aliyekuwa akitembea kwa miguu, akaendelea kwenda mpaka mwendesha baiskeli alipomzuia. Alisema hakumwona. Siku chache baadaye ilijulikana kwa nini huenda hakumwona: uvimbe kwenye ubongo. Alitangaza kustaafu Agosti. Septemba akaandika safu kuhusu uvimbe wake, na ukiisoma kama fundi anavyoikagua kazi ya fundi mwenzake utaona imejengwa kama zile za siasa. Yupo daktari wa Boston aliyefanya vipimo. Yupo daktari wa upasuaji wa Chuo Kikuu cha Duke, Allan Friedman. Yapo machaguo aliyopewa na aliyeshauri nini. Na ipo habari ambayo hakuna gazeti lililokuwa nayo. Seneta Edward Kennedy alikuwa na uvimbe wa aina hiyo, na Friedman ndiye aliyempasua. Novak alikuwa amemshambulia Kennedy gazetini kwa miongo kadhaa. Vicki Kennedy, mke wa seneta, alizungumza naye kwa simu kirefu, akamweleza yote waliyojifunza kuhusu upasuaji huo na akamhimiza aende Duke. Akaenda. Alifariki Agosti 18, 2009, na Kennedy akamfuata baada ya wiki moja.